Asiyenunua naye iko na macho

Mwezi wa Oktoba 2024, Patek Philippe ya Genève, yenye kutengeneza saa tangu 1839, ilitoa Cubitus, aina yake mpya ya kwanza tangu miaka 25. Wapenzi wa saa walivunjika moyo: ni ya mraba, ni kubwa, milimita 45, na sura inafanana mno na Nautilus ya 1976. Mu 2024, ile ya inox ilipita dola 41.000.

Mukubwa wa kampuni, Thierry Stern, akajibu kama wengi wenye kulaumu hawajakuwa na Patek hata moja, na hawataipata.

Jibu hilo halikutupendeza. Mara nyingi mashine ya ndani ya saa ni shaba iliyochanganywa na zinki. Sisi wa Kolwezi na Kipushi tunavijua vitu hivyo, tunavitoa mu udongo. Saa yenyewe hatutainunua. Lakini fundi akijenga ukuta wa kombo, hata mupita njia anaona, na hapana kumwambia: «Wewe hauna nyumba, nyamaza!»

Jina la tangu 1839 lilitoka mu kazi ya mikono. Kazi ikilegea, jina halitaificha.