Alama ya Longitudo Isighafilikiwe

Mwandishi wa makala niliyoisoma amebainisha kwa ufasaha namna faili la hali ya hewa la EPW, lenye safu 8,760 za saa za mwaka mzima, linavyogeuzwa kuwa faili la WEA ili programu ya Radiance ipate kukadiria nuru ya mchana. Walakini jambo lililostahiki maelezo marefu zaidi, nami nalisisitiza kwa dhati, ni kwamba longitudo ya mashariki, ambayo katika EPW ni chanya, katika WEA huwa hasi, hata Mombasa ikaandikwa takriban -39.6, na majira yake ya +3 yakawa nyuzi -45. Atakayegeuza majira akaghafilika na longitudo, jua la Mombasa litamchomozea karibu na adhuhuri, na hesabu zake zote za madirisha zitakuwa batili.