Akiba Haiozi: Jinsi Mimea Inavyoishi Katika Nchi Kavu

Mtu atokaye Kitale kwenda Lodwar huanza safari yake katika nchi ya mahindi, penye kimo cha mita 1,900 hivi juu ya bahari, na kuimaliza katika nchi ya mchanga na mawe, ambayo kimo chake ni karibu mita 500 tu. Kitale hupata mvua ipitayo milimita 1,000 kwa mwaka. Lodwar, katika miaka mingi, haipati hata robo ya hiyo. Msafiri akitazama njiani huona miti yenye miiba imesimama mbalimbali, na mingine haina jani hata moja. Basi husema moyoni mwake kwamba nchi hii imekufa.

Maneno hayo si kweli. Nchi ile haikufa, bali inaishi kwa hesabu. Watu wa nyanda za juu wamezoea kuupima mmea kwa mambo yaonekanayo, yaani jani pana, shina nene na kukua upesi. Lakini katika nchi kavu mali ya mmea imewekwa mahali pasipoonekana, kama vile mtu mwenye busara awekavyo akiba yake. Asiyelifahamu jambo hili huukata mti wa jangwani bila kujua ameharibu nini.

Yafaa kwanza kuieleza taabu yenyewe. Katika kila jani mna vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Kwa vitundu hivyo mmea huvuta kutoka hewani gesi iitwayo kabonidayoksaidi, na kwa nguvu za mwanga wa jua huitumia pamoja na maji kutengeneza sukari, ambayo ndiyo chakula chake. Lakini mlango uingizao chakula ndio huo huo utoao maji. Vitundu vikiwa wazi, maji ya mmea hutoka kama mvuke, na jua likiwa kali hutoka kwa wingi sana. Ukifungua, utakauka, ukifunga siku zote, utakufa kwa njaa. Mimea yote ya jangwani imepaswa kulijibu swali hilo, nayo haikujibu kwa namna moja.

Namna ya kwanza ni kupunguza matumizi. Mti wa mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, una vijani vidogo kuliko punje ya mchele. Jani dogo halishiki joto jingi, kwa maana upepo hulipoza upesi. Kiangazi kikizidi, mti huweza kupukutisha majani yake na kungoja. Mnyaa, ambao watu wengi huupanda kuwa ua wa boma, umekwenda mbali zaidi: vijani vyake ni vidogo tena huanguka mapema, na kazi yote ya jani hufanywa na vijiti vyake vya kijani. Mswaki nao, uotao hata karibu na maji ya magadi ya Ziwa Turkana, una majani mazito yenye kustahimili chumvi, nao hukaa kijani wakati miti mingine imebaki mifupa mitupu.

Namna ya pili ni kubadili saa za kazi. Mkonge, mshubiri na nanasi hufunga vitundu vyake mchana na kuvifungua usiku, wakati hewa imepoa na maji hayapotei sana. Gesi iliyovutwa usiku huwekwa ndani ya jani kwa namna ya asidi. Kulipokucha, mlango hufungwa, na mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua bila kulifungulia jua mlango. Hii ndiyo sababu moja ya mkonge kustawi mahali ambapo mahindi hukauka. Lakini kazi ya namna hiyo haina haraka. Mmea ulindao maji yake kwa uangalifu hauwezi kukua mbio.

Namna ya tatu ni kuyafuata maji yalipo. Mche wa mgunga unapochomoza juu ya ardhi kwa kimo cha kidole, mzizi wake umekwisha kushuka chini mara kadhaa ya urefu huo. Mtu akiuona mche huo hudhani kwamba haukui, kumbe unakua sana, ila unakua kwenda chini. Mti wa namna hii waweza kufika mbali kuliko mtu awezavyo kudhani. Mwaka 1963 ilichapishwa habari ya mizizi iliyokutwa katika mgodi karibu na mji wa Tucson, nchini Marekani, kwenye kina cha mita 53. Nayo ilitambuliwa kuwa ya mti wa jamii moja na ule uitwao mathenge hapa Kenya. Mkoma, kwa upande wake, hukaa palipo na maji karibu chini ya mchanga, kama kando ya mito ya Turkwel na Kerio. Auonapo mikoma mingi, mtu hujua kwamba maji hayako mbali.

Namna ya nne ni ghala. Katika majabali ya nchi kavu huota mti mfupi ambao wengi huuita waridi la jangwani. Shina lake ni nene chini kama mtungi, na ndani yake mna maji. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mti huu huchanua maua mekundu wakati wa kiangazi, mara nyingi bila jani lolote. Hautegemei mvua ya siku ile, unatumia ulichoweka. Tena umeilinda akiba hiyo, kwa maana utomvu wake una sumu, ambayo tangu zamani wawindaji wameitumia kupaka mishale.

Namna ya tano ni kungoja. Kuna mimea isiyojaribu kabisa kuushinda ukame, bali huupisha. Maisha yake ni ya majuma machache tu: mvua hunyesha, mbegu huota, maua hutoka, mbegu mpya huanguka, na mmea hufa. Kwa muda uliobaki, labda miaka kadhaa, mmea huo hauonekani tena, nao umo mchangani kwa namna ya mbegu. Mbegu nyingi za namna hii haziotwi kwa manyunyu ya kwanza. Baadhi yake zina dawa katika ganda iizuiayo kuota, na dawa hiyo haioshwi ila kwa mvua ya kutosha. Kwa njia hii mbegu haidanganywi na wingu moja lipitalo. Wala si zote ziotazo mwaka mmoja. Nyingine hubaki, ili mwaka ukiwa mbaya kizazi kisikatike.

Uvumilivu wa mbegu katika ukavu umethibitishwa kwa ajabu katika ngome ya kale ya Masada, kando ya Bahari ya Chumvi. Humo, katika uchimbaji wa miaka ya 1960, zilipatikana kokwa za tende zenye umri wa miaka 2,000 hivi. Mwaka 2005 zilipandwa chache, na moja ikaota ikawa mtende. Ule ukavu wenyewe, ambao watu huuita adui wa uhai, ndio uliokuwa umeitunza.

Lakini iko akiba nyingine ambayo haikai katika mzizi, wala katika shina, wala katika mbegu, bali katika desturi za watu. Mgunga huangusha maganda yake ya mbegu wakati wa kiangazi, ndipo majani yamekwisha na mbuzi hawana kitu. Maganda hayo yana lishe nyingi, na mifugo huishi kwayo mpaka mvua ije. Kwa sababu hiyo Waturkana wakaao kando ya mito wana desturi iitwayo ekwar: kila jamaa ina sehemu yake ya msitu wa mtoni, na mgeni hana ruhusa ya kukata mti wala kuangusha maganda humo bila idhini. Desturi hii si ya uchoyo. Ni sheria ya akiba, kama ile ya ghala la nafaka kwa mkulima.

Mbuzi nao huulipa mti. Mbegu ya mgunga ina ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, tena wadudu wengi huitoboa. Ikipita tumboni mwa mnyama, baadhi ya wadudu hao hufa, na ganda hulainika. Kisha huanguka bomani pamoja na samadi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu Turkana ya kusini ulionyesha kwamba miche ya mgunga huota kwa wingi katika maboma yaliyohamwa kuliko mahali pa kando. Watu wengi wamefundishwa kwamba mfugaji na mbuzi wake ndio waletao jangwa. Habari hii yaonyesha kwamba mfugaji ahamaye kwa taratibu aweza kuwa mpanda miti, hata kama hakushika jembe.

Hasara huja pale taratibu hizo zinapovunjwa. Gunia la makaa huleta fedha siku ile ile, na mtu mwenye shida si rahisi kumlaumu. Lakini mgunga uliokatwa asubuhi moja ulitumia miaka mingi kuyafikia maji yaliyo chini. Na maganda yake, ambayo yangalisha mbuzi kila kiangazi, hayatarudi kwa mwaka mmoja wala miwili. Aliyeuza makaa amekula ghala, si mazao.

Wala dawa si kuleta mti wowote ukuao upesi. Mathenge, mti wa asili ya Amerika, uliletwa Kenya katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo ili kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Uliota vizuri mno. Mbuzi walikula maganda yake matamu na kuzieneza mbegu, kama wafanyavyo kwa mgunga. Lakini mti huu hufanya kichaka kizito kifungacho malisho na njia za maji, na sukari ya maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Katika miaka ya 2000 wenyeji wa Marigat waliipeleka daawa mahakamani, na mbuzi kibogoyo akawa miongoni mwa ushahidi wao. Mti ule ulikuwa hodari wa kuishi katika ukame, lakini uhodari wa mti si lazima uwe faida ya nchi.

Atakaye kupanda katika nchi kavu na aanze na miti iliyokwisha kuijua nchi hiyo. Mbegu za mgunga na zitiwe katika maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni, ziachwe humo mpaka siku ya pili, ili ganda lilainike. Mche na upandwe mvua inapoanza, ndani ya kinga la udongo lenye umbo la nusu mwezi, lililoelekezwa upande wa juu wa mteremko ili likusanye maji yapitayo. Kisha na uzungushiwe miiba mpaka upite kimo cha mdomo wa mbuzi. Na mche uliojiotea wenyewe katika boma la zamani using'olewe wala kuchomwa moto, kwa maana umekwisha kufanya kazi ambayo mwanadamu angeifanya kwa shida.

Zaidi ya hayo, wazee walindao ekwar wasidharauliwe na vijana waliosoma. Elimu ya mizizi na vitundu vya jani hupatikana vitabuni. Lakini elimu ya mti upi usikatwe, na kwa sababu gani, ilikuwako kando ya Turkwel kabla ya vitabu hivyo. Elimu hizo mbili hazipingani, nazo zikishikwa pamoja, mbuzi watapata maganda kiangazi kijacho.