Kikombe cha bati kinachowashinda wengi

Mpe mtu mzima penseli, mwambie achore kikombe cha bati kilicho mezani mbele yake. Mdomo ataupa ncha mbili kali, kushoto na kulia, kama jicho. Kitako atakipiga mstari ulionyooka. Anajua kikombe hukaa juu ya meza tambarare, basi anachora anachokijua. Angetazama vizuri angeona kitako nacho kimepinda, tena kuzidi mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho yake.

Mazoezi ya kuchora yapo kwa ajili ya kutibu kosa la namna hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, Mmarekani Betty Edwards aliwapa wanafunzi mchoro wa Picasso unaomwonyesha mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, waunakili ukiwa umegeuzwa juu chini. Hapo pua haionekani tena kuwa pua. Imebaki mistari na nafasi, na mkono hauna budi kulifuata jicho.

Mbona basi wengi huanza na kuacha? Husingizia kuchoshwa: mistari, maduara, mistari tena. Wanaochoka zaidi ni wanaojaza kurasa bila kuzikagua. Mtu anachora visanduku hamsini usiku mmoja, vyote vimeelemea upande uleule, na kesho anarudia vilevile. Amejizoeza kukosea. Mwingine anakwaruzakwaruza mstari mmoja kwa kifundo cha mkono, ilhali mstari mrefu hutoka begani.

Wapo pia wanaodai kunakili kunaua ubunifu. Vincent van Gogh aliamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, kule Borinage, Ubelgiji, akaketi kunakili vielelezo vya kujifunzia kuchora vya Charles Bargue, karatasi kwa karatasi. Mwaka 1890, picha zake za alizeti zikiwa zimeshachorwa, alimwandikia mdogo wake Theo akiviomba tena.

Shuleni nako kukagua hakufundishwi: katika madarasa mengi mchoro hupewa saba juu ya kumi, daftari likafungwa. Hiyo saba haimwambii mtoto lolote. Afadhali mwalimu amfundishe kupima: anyooshe mkono bila kukunja kiwiko, afumbe jicho moja, asogeze kidole gumba kwenye penseli mpaka urefu wa kikombe uenee, kisha alinganishe na upana wake. Halafu apime alichochora, na achore kingine pembeni bila kufuta kile cha kwanza.