Hati ya Mabwepande: jina la nani?

Tangu mkutano wa mwezi uliopita simu ya mhariri haipoi. Wote wanauliza awamu ya pili ya michango ya nyumba zetu za uzeeni kule Mabwepande itaanza lini. Hati itatoka kwa jina la nani? Hilo hakuna aliyeuliza.

Pendekezo lililopigiwa makofi ni kwamba iandikwe kwa jina la mjumbe mmoja mwenye pasi ya Tanzania, “kwa muda tu”. Sababu tunaijua. Wengi wetu tumechukua uraia wa hapa Uingereza, na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 hakimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji, asipokuwa na hadhi maalum ya diaspora. Lakini mjumbe huyo akifariki, mirathi itafunguliwa kwao, na wanawe hawajawahi kuona daftari letu la michango. Tutaanza kesi tukiwa na mikongojo?

Tena makofi si kura. Katiba ya chama chetu inadai theluthi ya wanachama. Siku ile tulikuwa ishirini na mmoja, pamoja na watoto waliofuata sambusa.

Wenzetu wa Chamazi, Temeke, waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, hawakuwa na pauni hata moja, ila walisajili ushirika wa nyumba. Sisi wenye pauni tunategemea uaminifu wa mtu. Hadhi maalum ya diaspora nayo haiji yenyewe, lazima iombwe. Tuliomba majina ya wanaotaka kusaidiwa kujaza fomu, yamekuja manne.

Na hesabu ya kuishi huko? Ukihamia Tanzania, pensheni ya serikali ya Uingereza hugandishwa: haipandi tena kila Aprili, wakati mlinzi, maji na dawa za presha vitapanda. Angalieni rekodi zenu sasa. Bila miaka 10 ya michango kwa kawaida hupati kitu, na kiwango kamili kinataka 35. Dalali akiwatajia bei kwa dola, mkumbusheni kanuni za Machi 2025 zilizokataza.

Kwa hiyo asilipe mtu awamu ya pili kabla ya kura halali. Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kwenye pilau la Idi viti vilikwisha; safari hii hakuna pilau, njooni na kadi za uanachama.