Jasho la Mtunzi si Mali ya Bure

Mwezi Septemba, 2025, kampuni ya Anthropic ya Marekani ilikubali kulipa dola 1,500,000,000 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa na waandishi watatu huko San Francisco mwaka 2024. Kampuni hiyo hutengeneza mashine za akili mnemba. Ilikuwa imejikusanyia zaidi ya nakala milioni saba za vitabu kutoka maktaba za wizi, bila ya kumwomba mtunzi ruhusa wala kumlipa senti.

Wako waliolipokea jambo hili kwa vigelegele. Sisi twawaomba waisome hukumu kwa makini. Jaji William Alsup, alipotoa uamuzi wake mwezi Juni mwaka huo, hakusema kwamba kuilisha mashine kazi ya mwandishi ni kosa. Alisema kwamba kitabu kilichonunuliwa kwa halali chaweza kutumiwa kuifundisha mashine, na mwandishi hana la kudai. Kosa aliloliona ni kuweka nakala za wizi. Basi fedha zile ni fidia ya wizi. Si ujira wa kazi. Tajiri akilipa bei ya nakala moja dukani, deni lake limekwisha, hata kama mashine ile itatunga riwaya elfu za kushindana na yule yule aliyeifundisha! Siku mbili baadaye Jaji Vince Chhabria, katika kesi ya kampuni ya Meta, alionya juu ya hatari hiyo hiyo. Lakini naye aliipa kampuni ushindi, kwa kuwa walalamikaji hawakuleta ushahidi wa kutosha.

Tena, ni nani atakayelipwa? Vitabu vipatavyo 480,000, kila kimoja kwa kiasi cha dola 3,000, kabla ya mawakili kukata chao. Navyo ni vile tu vilivyoandikishwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, wasema haki ya mtunzi huzaliwa pamoja na kazi yake, pasipo kuandikishwa popote. Lakini mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye kitabu chake kilizolewa katika lundo lile, na hakikuandikishwa Washington, hapati kitu.

Waandishi wa filamu wa Marekani hawakungoja majaji. Mwaka 2023 waliweka kalamu chini kwa siku 148, wakarudi kazini na mkataba usemao kwamba mashine haihesabiwi kuwa mwandishi, wala mwandishi halazimishwi kuitumia. Hayo yalipatikana kwa umoja wa chama cha wafanyakazi.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, kabla mashine hizi hazijajulikana. Wanamuziki wetu, watunzi wa tenzi na wachoraji wa Tingatinga kazi zao zimo katika intaneti, wazi kwa kila mchotaji. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2024, umewalazimisha watengenezaji kutangaza muhtasari wa vitu walivyovitumia. Twaitaka Serikali ipeleke Bungeni sharti kama hilo, pamoja na sharti la kibali na malipo kabla ya kazi kutumiwa, na vyama vya wasanii viitwe mezani wakati muswada ungali unaandikwa.