Akina mama wanaoacha unga wapewe pa kukaa na watoto wao

Kuna jambo ambalo naona limesahauliwa. Jambo lenyewe ni kwamba akina mama wanaojitahidi kuacha dawa za kulevya hawana mahali pa kukaa na watoto wao wakati wanapotibiwa. Matokeo yake mama hulazimika kuchagua kati ya tiba na mwanawe. Hilo si chaguo la kumpa mzazi yeyote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mkuranga. Mwaka 2022 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu, mtoto mpole na mwepesi wa hesabu. Ghafla akaacha kuja shule. Nilifanya kama tufanyavyo walimu wengi: baada ya majuma kadhaa nikaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, nikaendelea na wengine. Siku moja nikitoka kwenye mkutano wa kijiji nilipita kwa bibi yake. Nilimkuta ajuza wa watu amelala kwenye mkeka, miguu imemvimba. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, huyo mtoto si mtoro. Mimi siwezi tena hata kumchotea maji, ndiyo maana mama yake amekuja kumchukua. Na huko aliko mama yake, hana pa kumlaza."

Nikapata habari yote. Mama wa mtoto alikwenda Dar es Salaam akiwa msichana kutafuta kazi za ndani. Huko akaangukia kwa mwanamume aliyekuwa akitumia unga, naye akaanza. Alirudi kijijini amekonda, na mtoto mkononi. Hapa kijijini tumezoea ulevi wa gongo, lakini arosto ya heroini hatukuwa tunaijua. Watu walimwita teja mbele ya mwanawe. Hata hivyo akakubali kwenda kutibiwa, akaandikishwa kwenye kliniki ya methadoni huko Dar es Salaam.

Kwa faida ya wasomaji wasioijua dawa hii, nieleze kidogo. Kliniki ya kwanza ya methadoni hapa nchini ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, kisha zikafuata Mwananyamala, Temeke na nyingine mikoani. Methadoni ni dawa ya kunywa. Huondoa arosto kwa muda wa siku nzima, na ikitolewa kwa kipimo sahihi mtu hufanya kazi zake akiwa na akili timamu. Lakini si dawa ya siku tatu kama ya malaria. Hutumiwa kwa miezi na mara nyingi kwa miaka. Tena anayeanza hupaswa kufika kliniki kila siku, anywe mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo chake huweza kupunguzwa na kupandishwa upya.

Sasa wasomaji wenzangu wapige hesabu. Mkuranga si mbali na Dar es Salaam kwa mtu anayekwenda mara moja kwa mwezi. Lakini mtu asiye na kazi atapata wapi nauli ya kwenda na kurudi kila siku? Hana budi kukaa karibu na kliniki. Na mjini mama huyu aliwajua watu gani, kama si wale wale aliovuta nao? Asubuhi alikuwa anakunywa dawa, jioni anarudi kulala jirani na kijiwe ambako kete inauzwa mlangoni. Serikali ilimpa tiba mchana, kijiwe kikamnyang'anya usiku.

Alikwenda kuomba nafasi katika nyumba mojawapo ya upataji nafuu, zile ambazo wengi huziita soba. Akaambiwa atapokewa yeye peke yake, mtoto hapana. Siwalaumu sana wenye nyumba ile. Nyumba nyingi za namna hiyo zilianzishwa zikiwafikiria wanaume, maana wao ndio wengi, na hazina chumba wala mlezi wa watoto. Lakini mtoto angekwenda wapi? Bibi hajiwezi, na baba hajulikani alipo. Mama akakataa nafasi ile. Baada ya muda si mrefu alianza kukosa kliniki, na hatimaye akaacha kabisa. Mtoto alirudishwa kijijini na msamaria mwema na yuko darasani hivi leo, analelewa na jirani. Mama yake alirudi kijiweni.

Ndugu Mhariri, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake. Hata magereza yetu humruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake anayenyonya. Ikiwa mama aliyevunja sheria hatenganishwi na mtoto wake mchanga, kwa nini atenganishwe yule ambaye kosa lake la leo ni kutaka kupona? Hili haliniingii akilini.

Wapo watakaosema kwamba alijitakia mwenyewe, na kwamba taifa lina shida nyingi, madawati hayatoshi na visima havijachimbwa. Mimi mwenyewe nafundisha darasa ambalo watoto wanabanana kwenye dawati, kwa hiyo shida hizo sizisikii redioni. Lakini mtoto hakujitakia. Na mama asipopona, gharama yake haipotei. Huja kwetu shuleni kwa sura ya mtoto mwenye njaa, huenda hospitali, huenda polisi, na mwisho huenda kwa bibi mwenye miguu iliyovimba.

Wala sisemi yajengwe maghorofa. Katika hospitali zetu kadhaa zipo nyumba ambamo wajawazito wanaotoka mbali hukaa kungojea siku zao za kujifungua. Hakuna anayeona ajabu, kwa sababu tulikubaliana kwamba uhai wa mama na mtoto hauwezi kungoja basi. Basi na tuige utaratibu huo huo. Karibu na kila kliniki kubwa ya methadoni pawe na nyumba ya kawaida yenye vyumba vichache, ambamo mama atakaa na watoto wake kwa miezi sita hadi mwaka mmoja. Wasimamizi wawe wanawake, awepo afisa ustawi wa jamii, na masharti yawe wazi. Watoto wapewe uhamisho waingie shule ya msingi iliyo jirani. Jambo hilo sisi walimu twaweza kulikamilisha kwa barua moja tu. Akina mama nao wajifunze kazi za mikono, kushona au kupika, ili siku ya kutoka wasitoke mikono mitupu.

Wajawazito wapewe nafasi ya kwanza. Mjamzito mwenye uraibu wa heroini akiacha ghafla bila dawa, mimba yaweza kuharibika au mtoto akazaliwa kabla ya wakati. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unashauri apewe dawa kama methadoni badala ya kuachishwa kwa nguvu. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, lakini inatibika, na kukaa na mama yake na kunyonya humsaidia. Mama wa namna hii akalale wapi? Kijiweni?

Naomba Wizara ya Afya, Wizara ya Maendeleo ya Jamii na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wakae pamoja walitazame jambo hili, na waanze hata na nyumba moja. Nasi wa vijijini tusikae tukingoja serikali tu. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani wanaweza kumpokea mama anayerudi bila kumwita teja. Neno hilo limewarudisha wengi walikotoka.

Chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto husoma kwanza kwa mama yake kabla hajasoma ubaoni. Mimi niliandika "mtoro" mahali nilipopaswa kuuliza. Nilikwisha kulifuta neno hilo daftarini. Lililobaki haliwezi kufutwa na mwalimu peke yake.

Mwalimu wa Kijijini,
Mkuranga, Pwani.