Tamko la Wazazi wa Kasingirima Kuhusu Vifaa vya TEHAMA Shuleni

Sisi wazazi na walezi wa Kata ya Kasingirima, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, tuliokutana chini ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa taasisi za Serikali zinazosimamia teknolojia katika elimu.

Tunaanza na shukrani, na si ya mdomoni. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za umma na kuwanoa walimu. Vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022, baada ya kumaliza kuhesabu watu, viligawiwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) nayo imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, bure.

Lakini darasani tumeingia, tukaona. Kompyuta imefunikwa kipande cha kitenge, vumbi lisiingie. Tangu iharibike haijawashwa, na hakuna ajuaye fundi aitwe na nani. Mwalimu anawasha data ya simu yake, bando la mfukoni mwake, darasa zima lichungulie ukurasa mmoja. Bando likikata, somo limekwisha. Mwalimu huyo hatumlaumu; tunamwonea haya.

Ujiji si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1871 Livingstone alirudi hapa akakuta shehena aliyotumiwa kutoka Unguja imekwishauzwa na aliyekabidhiwa. Mzigo ulifika, mwenyewe hakufaidi.

Kwa hiyo tunataka kila kifaa kije na karatasi inayotaja fundi wake, mlipaji wa bando na tarehe ya ukaguzi. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni kwa mwalimu mkuu, mzazi yeyote aisome. TET tunaiomba ituletee vitabu vyake kwenye flashi, visomeke bila intaneti. Halmashauri itenge fungu la matengenezo, hata dogo, mradi lijulikane.

Hatuji mikono mitupu. Ujiji ina mafundi wa simu na redio, baadhi yao ni wazazi wenzetu, walio tayari kushika bisibisi bila malipo. Kinachowazuia ni kimoja: mali ya Serikali haifunguliwi na mtu wa mtaani bila kibali. Tunaomba kibali hicho, kwa maandishi, kabla shule hazijafunguliwa muhula ujao.